Mguu wauma, kumbe kiini ni kiuno

KUNA maumivu ambayo mtu akiyaeleza, jamaa zake humdhania anatia chumvi. Husema yanaanzia kiunoni, yanapitia kalioni, yanateremka nyuma ya paja na kufika hadi kwenye vidole vya mguu, kana kwamba amepigwa na stima. Akiketi yanamchoma, akikohoa au kupiga chafya yanazidi, na usiku hajui alalie ubavu upi.

Madaktari huiita hali hii sayatika. Si ugonjwa wenyewe bali ni dalili kwamba kuna kitu kinachoisumbua neva kubwa inayotoka mgongoni. Na kwa kuwa wengi wetu hatulijui hilo, aghalabu tunahangaika na mguu ambao hauna kosa lolote.

Neva ya sayatika ndiyo nene kuliko zote mwilini. Nyuzi zake huchomoza kwenye sehemu ya chini ya uti wa mgongo, zikaungana na kupita kalioni hadi karibu na goti, ambako hugawanyika kuelekea wayoni. Kila mguu una neva yake, na ndiyo sababu maumivu haya huwa ya upande mmoja mara nyingi.

Kati ya pingili moja ya mgongo na nyingine mna diski, ambayo ni ngumu kwa nje na laini kama ute katikati. Kazi yake ni kuzuia mifupa isisagane. Ukuta wa nje ukilegea au kupasuka, ule ute husukumwa nje na kuukandamiza mzizi wa neva. Hicho ndicho chanzo cha kawaida cha sayatika kwa watu wa umri wa makamo. Kwa wazee, mara nyingi ni mfereji wa uti wa mgongo uliokuwa mwembamba. Mzee huumwa akitembea, na akiinama au kuketi hupata nafuu.

Sasa tiba. Jambo la kwanza ambalo jamaa humwambia mgonjwa ni alale kitandani asiamke. Ushauri huo una nia njema, lakini umepitwa na wakati. Katika uchunguzi uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka wa 1999, wagonjwa 183 wa sayatika waligawanywa mafungu mawili: fungu moja liliagizwa kulala wiki mbili, jingine liendelee na shughuli kadiri lilivyoweza. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila fungu walikuwa na nafuu. Kulala hakukuwafaidi kitu.

Ukizidiwa, pumzika siku moja au mbili, kisha inuka. Tembea kidogo kidogo ndani ya ua, ongeza hatua kila siku, na usiketi kwa muda mrefu. Usiku, lala kwa ubavu ukiweka mto katikati ya magoti, au chali ukiuweka chini ya magoti. Kitambaa cha maji ya moto kiunoni husaidia baadhi ya watu. Mtaalamu wa fiziotherapia naye atakuonyesha mazoezi yanayokufaa.

Dawa za kutuliza maumivu kama vile ibuprofen na diclofenac zinaweza kupunguza makali, ila hazirudishi diski mahali pake. Tena zina madhara. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, moyo au shinikizo la damu, na mama mjamzito, wasizinunue kabla ya kumwona daktari.

Kuna wale wanaokimbilia kwa kemisti na kudai sindano ya kalioni. Tahadhari, msomaji! Neva hiyo hiyo inayokuuma hupitia kalioni. Sindano ikidungwa mahali pasipofaa, inaweza kuijeruhi na kumwacha mtu akiburura wayo. Watoto, ambao makalio yao ni madogo, wako hatarini zaidi. Mdungaji aliyefunzwa huchagua sehemu ya juu upande wa nje, au hutumia paja au bega.

Picha ya eksirei nayo huonyesha mifupa, wala si diski na neva. Ile ya MRI huzionyesha, lakini ina gharama, na watu wengi wasio na maumivu yoyote wakipigwa hukutwa na diski zilizotokeza. Kwa hivyo usiuze mbuzi wiki ya kwanza ili upigwe picha. Wengi hupona katika wiki sita hadi 12, kwani mwili wenyewe hukinyonya kile kipande kilichotoka.

Upasuaji una nafasi yake kwa wale ambao maumivu yamekataa kwisha. Uchunguzi mwingine wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka wa 2007, ulionyesha kwamba waliopasuliwa mapema walipata nafuu upesi zaidi, lakini mwaka ulipokwisha mafungu yote mawili yalikuwa sawa: asilimia 95 walisema wamepona.

Hata hivyo, kuna dalili ambazo hazingoji kesho. Ukipata ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, ukishindwa kukojoa au kuzuia mkojo na choo, au miguu yote miwili ikilegea, nenda hospitali kubwa usiku uo huo. Neva zote za chini zinabanwa, na zikichelewa kufunguliwa kwa upasuaji, huenda madhara yakawa ya maisha. Wengi huona haya kutaja mambo haya, hasa mbele ya watoto wao au daktari kijana. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai.

Vilevile, maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Huo hautibiwi kwa kukandwa. Una dawa zake, ambazo hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali.

Kinga ni bora kuliko tiba. Debe la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Ukiliinua, kunja magoti, lisogeze karibu na mwili, na usijipinde kiuno ukiwa umelibeba. Mwanafunzi na karani wainuke kila baada ya nusu saa. Dereva naye aitoe pochi nene katika mfuko wa nyuma, kwani kuikalia kutwa nzima kunaweza kuibana neva.

Na ikiwa nyumbani mwako yuko mmoja anayelalamikia mguu, usimcheke wala usimfungie kitandani. Mshike mkono mtembee hadi langoni na kurudi, na njiani umwulize kama anakojoa vizuri.