Barua ya wazi kwa PPDA: Uzoefu uhesabiwe kwa aliyeifanya kazi

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Mamlaka ya Ununuzi na Uondoshaji wa Mali za Umma (PPDA),
Barabara ya Nakasero, Kampala.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tangu Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, Kampala imejaa watu wenye taaluma wasio na mwajiri. Wataalamu wa tathmini, wahasibu wa miradi, watu wa lishe, wa maji na wa takwimu waliokuwa wakilipwa kwa fedha za USAID waliambiwa wasimamishe kazi, kisha wakaagwa. Walikuwa wametanguliwa na wenzao wa miradi ya DGF, mfuko wa wafadhili wa utawala wa kidemokrasia, uliosimamishwa 2021 na kufunga shughuli zake mwaka uliofuata. Wengi wao wamesajili kampuni za ushauri elekezi, nami nimo. Ninafanya tathmini ya miradi, na ofisi yangu ni chumba cha kupanga huko Ntinda.

Kufungua kampuni si kazi ngumu tena. Ofisi ya usajili, URSB, husajili kwa mtandao, namba ya mlipakodi huombwa kwa mtandao Mamlaka ya Mapato, URA, na leseni ya biashara ya jiji, KCCA, unailipia unaendelea na safari. Kazi ni kumpata mteja wa kwanza. Nakuandikia wewe kwa sababu mteja mkubwa kuliko wote katika nchi hii ni Serikali, na nyaraka sanifu ambazo wizara, mamlaka na halmashauri za wilaya hutumia kununua huduma zetu hutoka ofisini kwako.

Fungua tangazo la zabuni ya ushauri elekezi, hata ile ndogo ya kukusanya takwimu za awali katika wilaya moja. Mara nyingi utakuta kampuni inatakiwa ioneshe kazi kadhaa za aina hiyohiyo ilizofanya ndani ya miaka michache iliyopita, kila moja na nakala ya mkataba na cheti cha kukamilisha. Utakuta pia hesabu zilizokaguliwa za zaidi ya mwaka mmoja. Kampuni iliyosajiliwa mwaka jana haina hesabu hizo wala haiwezi kuwa nazo. Inaondolewa katika hatua ya kwanza, kabla hata mtu hajasoma inapendekeza kuifanyaje kazi, na kabla ya wasifu wa mtaalamu wake mkuu kufunguliwa, hata kama mtaalamu huyo amefanya tathmini za namna hiyo kwa miaka kumi na mitano.

Naomba nikueleze kinachofuata baada ya hapo, maana hakionekani katika ripoti za ukaguzi. Jumapili jioni simu inalia. Ni kampuni kongwe ya hapa mjini: inaomba wasifu wako na nakala za vyeti vyako, zabuni inafungwa Jumanne. Unajaza fomu, unatia sahihi kwamba utapatikana kazi ikipatikana. Kampuni inashinda, na alama za wataalamu ilizoshindia ni zako. Unakwenda Kasese au Moroto, unafundisha vijana wa kukusanya takwimu, unakaa na wazee wa kijiji, unarudi na kuandika ripoti hadi usiku wa manane. Ripoti inatoka na nembo ya kampuni. Cheti cha kukamilisha kinaandikwa jina la kampuni. Wewe unalipwa sehemu ya fedha, mara nyingi baada ya miezi mingi, na mwaka unaofuata kampuni ile inaingia kwenye zabuni ikiwa na kazi moja zaidi mkononi. Wewe uliyeifanya huna hata moja.

Hakuna aliyevunja kanuni hapo, na ndilo linaloniumiza. Kanuni zenyewe zinamwandikia uzoefu mwenye jina na kumnyima mwenye kutoa jasho. Nimewaona wenzangu waliobobea wakizunguka namna hii mradi baada ya mradi, wakijenga sifa za kampuni za watu wengine, huku kampuni zao wenyewe zikibaki vyeti vya usajili ukutani.

Najua unachokihofia, nami nakihofia. Nchi hii imeumizwa na kampuni za mfukoni, na kila mtu mjini anajua nyaraka za kughushi za namna gani mtu anaweza kuchapishiwa Barabara ya Nasser. Masharti makali yaliwekwa ili fedha za umma zisiende kwa mtu asiyejulikana. Lakini ushauri elekezi si ujenzi wa barabara. Mkandarasi lazima awe na greda na mtaji. Bila hivyo kazi haitembei hata awe na elimu gani. Katika tathmini ya mradi, kilichopo ni watu na akili zao. Kampuni yenye miaka ishirini ikiondokewa na wataalamu wake watatu, iliyobaki ni jina na samani. Kupima jina kwanza na mtu baadaye ni kupima kitu kisichofanya kazi.

Kwa hiyo naomba cheti cha kukamilisha kazi kibadilishwe. Kitaje kila mtaalamu aliyefanya kazi, nafasi aliyoshika na siku alizotumia, na kihifadhiwe katika mfumo wenu wa ununuzi wa kielektroniki, ambako ofisi yoyote ya serikali inaweza kukihakiki bila kutegemea karatasi iliyopigwa mhuri. Hapo hata hofu ya kughushi inapungua. Na kwa kazi ndogo, ambazo kiwango chake cha fedha mtakipanga ninyi, uzoefu wa mtaalamu mkuu utoshe pale ambapo kampuni yake ni changa.

Zihesabiwe pia kazi za wateja ambao kwa kweli ndio wanaotupokea kwanza. Ushirika wa akiba na mikopo wa Mukono unaotaka kujua kwa nini wanachama hawarejeshi mikopo, shule ya sekondari ya Wakiso inayopanga kupanua mabweni, dayosisi inayotaka mradi wake wa kahawa upimwe. Wateja hawa hupatikana kwa kuaminiana: bosi wako wa zamani anamtajia mwenzake jina lako, mnakutana, unaanza na kazi ya wiki mbili. Wanalipa kidogo lakini wanalipa, na wanakijua walichokinunua. Barua ya mwenyekiti wa ushirika huo, yenye namba ya simu ya kumuuliza, ingepaswa kupata alama.

Utaniambia marekebisho ya sheria ya 2021 yameweka upendeleo kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni hatua njema. Kenya imewatengea asilimia 30 ya ununuzi wa serikali tangu 2013. Ila mtaalamu wa maji mwenye miaka 46, aliyepoteza kazi akiwa na watoto watatu shuleni, haingii katika kikundi chochote kati ya hivyo. Wala haombi upendeleo. Anaomba asomwe.

Kuna pia jambo la URA, ninalolitaja kwa kifupi tu kwa sababu linatugusa palepale. Kodi ya zuio ya asilimia 6 hukatwa juu kwa juu kwenye malipo yanayozidi shilingi milioni moja, na msamaha wake hutolewa kwa mlipakodi mwenye historia ya kutii sheria za kodi. Kampuni changa haina historia. Mkikaa na URA, naomba mliseme.

Nyaraka sanifu hazihitaji kupelekwa Bungeni ili zirekebishwe. Sheria imekupa wewe mamlaka ya kuzitoa. Anza na zabuni za tathmini na za mafunzo, katika wizara mbili au tatu, mwaka mmoja wa fedha, kisha mlinganishe ripoti mtakazopokea na zile mlizozizoea. Wenzangu na mimi tuko tayari kuja Nakasero kuzipitia fomu hizo pamoja na maofisa wako, mstari kwa mstari.

Kwa Mungu na nchi yangu,

Mshauri elekezi wa kujitegemea,
Ntinda, Kampala.