Stelingi Naye Hufa

Jioni za Sepuka, kwetu Singida, ng'ombe wakishaingia zizini, tulikuwa tunakimbilia banda la video. Nje jenereta linanguruma, ndani tumebanana juu ya mabenchi na magunia ya alizeti, na kwenye televisheni ndogo mtu mmoja anawapiga arobaini. Hatukujua Kichina wala Kiingereza. Mkanda ukiwa umetafsiriwa na Lufufu tulielewa kila kitu, tena alituongezea na yale ambayo waigizaji wenyewe hawakuyasema. Usipotafsiriwa, tulijitegemeza kwenye sheria moja tuliyoijua wote: stelingi hafi.

Kesho yake machungani tuliyarudia tuliyoyaona. Mabua ya uwele yalikuwa mapanga, fimbo za kuchungia zilikuwa mikuki, na aliyeweza kupiga samasoti juu ya mchanga wa korongo ndiye aliyekuwa Bruce Lee wa siku hiyo. Yote hayo tuliyaita karate.

Nimeanzia bandani kwa sababu wasomaji wengi wa toleo hili, linalohusu sanaa za mapigano za Kichina na mitindo yake, waliingilia mlango huo huo. Siuonei haya. Ila ulituingiza sebuleni tu, jikoni hatukufika, na kazi yote ya sanaa hii hufanyika jikoni.

Tazama jina lenyewe. Wachina husema wushu wakimaanisha sanaa ya vita. Gongfu, neno tunalolitamka kung fu, kwa asili halina ngumi ndani yake: ni ustadi anaoupata mtu kwa kazi ya siku nyingi. Mpishi ana gongfu yake, na seremala ana yake. Mama anayepeta mtama kwenye ungo, makapi yakaruka na punje zikabaki, naye anayo. Karate ni ya Okinawa, kisiwa cha Japani, ingawa mizizi yake inarudi China. Mtindo wa Goju-ryu, ambao Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani aliufundisha Dar es Salaam kuanzia miaka ya 1970 kwenye dojo ya Zanaki, ulitokana na Higaonna Kanryo, mtu wa Okinawa aliyekwenda kujifunza Fuzhou, katika jimbo la Fujian. Kwa hiyo hata kijana wa Dar anayedhani hana habari na China, akisimama kwenye sanchin, zoezi la msingi la mtindo huo, anasimama kwa namna iliyovuka bahari kutoka Fujian.

Sasa mitindo. Ipo mamia, na desturi ni kuipanga kwa mafungu: ya kaskazini na ya kusini, ya nje na ya ndani. Wachina wana msemo kwamba kusini ni ngumi na kaskazini ni mateke. Mafungu hayo husaidia kidogo, kisha hupoteza. Mimi naona heri kuuliza swali lingine: watu wa mahali pale walikuwa na nini mkononi, na walikuwa wanamwogopa nani?

Hekalu la Shaolin, katika jimbo la Henan, lilianzishwa mwaka 495. Sinema zimetuaminisha kwamba ni makao ya ngumi, lakini kwa karne nyingi sifa yake kubwa ilikuwa fimbo. Katika karne ya 16 maharamia walipoisumbua pwani ya China, watawa wa Shaolin walikwenda kupigana nao wakiwa na fimbo, na mwanzoni mwa karne ya 17 Cheng Zongyou, aliyejifunza hekaluni zaidi ya miaka 10, aliandika kitabu kizima juu ya fimbo hiyo. Watawa wenyewe walikuwa na hadithi ya chimbuko lake: waasi walilizingira hekalu, wakubwa wakababaika, na mtumishi mmoja wa jikoni ambaye hakuna aliyemjali akatoka na kijiti chake cha kuchochea moto akawafukuza. Ni hadithi, lakini naipenda kwa sababu inamweka mtumishi mbele ya abate. Mchungaji wa wilaya yetu ya Ikungi, anayeshinda na fimbo begani tangu alfajiri, hahitaji kuelezwa kwa nini mtu maskini huanza na fimbo.

Jenerali Qi Jiguang, aliyepambana na maharamia hao hao, aliandika kitabu cha kufundishia askari kuanzia miaka ya 1560. Ndani yake aliweka mikao 32 ya ngumi, kisha akasema bila kuficha kwamba ngumi hazifai sana katika vita kubwa. Faida yake ni kumzoesha askari viungo vyake kabla hajashika silaha. Mkuu wa vita ndiye aliyesema hivyo! Huyu hakuwa akiuza tiketi.

Mikao mingi ya Qi inaonekana baadaye, kwa majina yale yale, katika kijiji cha wakulima kiitwacho Chenjiagou, huko huko Henan. Ukoo wa Chen, ambao humtaja Chen Wangting wa karne ya 17 kuwa mwanzilishi, uliishi na mtindo wake kwa vizazi bila dunia kujua. Kisha akaja mgeni, Yang Luchan, akajifunza kwa Chen Changxing, akaupeleka Beijing katika karne ya 19. Hiyo ndiyo taijiquan, ile wanayoifanya wazee bustanini polepole kama watu wanaotembea ndani ya maji. Mwaka 2020 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa binadamu. Kila nikisoma habari za Chenjiagou huwa naiona Sepuka: vumbi, mavuno, watu wanaojuana kwa ukoo. Kitu hiki kilitoka kwa watu waliorudi kutoka shambani jioni wakiwa wamechoka, wakafanya mazoezi hivyo hivyo.

Kusini ni habari nyingine. Huko ndiko Foshan, mji wa Ip Man, mwalimu wa Wing Chun, aliyehamia Hong Kong na kumfundisha kijana Bruce Lee. Wing Chun hupiganwa kwa karibu, mikono ikigusana na mikono ya adui, mateke yakiwa ya chini. Ni mtindo wenye uchoyo wa nafasi. Yeyote aliyewahi kugombana ndani ya daladala ataelewa mantiki yake.

Kuna sura ya historia ambayo sinema huikwepa, nami sitaki toleo hili liikwepe. Mwaka 1897 Wajerumani waliteka ghuba ya Jiaozhou katika jimbo la Shandong, kwa kisingizio cha wamisionari wao wawili waliouawa. Mwaka uliofuata Mto Manjano ulifurika, kisha ukaja ukame. Vijana wa vijiji wakakusanyika katika kundi la Yihequan, yaani Ngumi za Haki na Upatanifu. Wazungu wakawaita mabondia. Walifanya mazoezi viwanjani huku wakinuia maneno, wakaanguka, wakainuka wakiamini wamepandwa na mashujaa: Guan Yu mwenye upanga wake mzito, Sun Wukong mfalme wa nyani. Mashujaa hao waliwajua kutokana na maigizo yaliyochezwa vijijini siku za sikukuu. Jukwaa lilikuwa banda lao la video. Waliamini kwamba mwili ulioandaliwa hivyo hautapenywa na risasi. Mwaka 1900 wakazizingira balozi za kigeni huko Beijing, na majeshi ya mataifa 8, Ujerumani ikiwemo, yakaja na bunduki.

Miaka 5 baadaye, Julai 1905, watu wa milima ya Matumbi waliinuka dhidi ya dola ile ile ya Kijerumani wakiwa na maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yaliyoaminiwa nayo kuzuia risasi. Mtanzania yeyote anaujua mwisho wake. Kwetu Singida vita na Wajerumani hukumbukwa kwa simulizi ya Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyewapiga kwa nyuki, na uwanja wa mpira wa mjini umepewa jina lake.

Vijana wa Shandong na wa Matumbi siwacheki hata kidogo. Walikuwa na haki, hawakuwa na silaha, na mtu aliye katika hali hiyo hushika ahadi yoyote iliyo karibu. Hasira yangu iko kwa ahadi. Ndani ya sanaa hizi kuna urithi wa aina mbili. Mmoja humwambia mtu kwamba hataumia. Mwingine humwambia kwamba ataumia, ataanguka, atazeeka, kwa hiyo ajifunze kusimama vizuri na kupumua. Wa kwanza ndio uliojaza mabanda yetu, nao bado unauzwa kwa vijana wetu kila mahali. Toleo hili limechagua wa pili.

Bruce Lee mwenyewe alifariki Julai 1973, ana miaka 32, karibu mwezi mmoja kabla filamu yake Enter the Dragon haijaanza kuonyeshwa Marekani. Sisi tuliozaliwa baadaye tulikuwa tunamshangilia marehemu, tukiapa kwamba stelingi hafi. Nilipolijua hilo, tayari mtu mzima, nilihuzunika kama niliyefiwa na ndugu.

Milango mingine imefunguka sasa. Chuo Kikuu cha Dodoma kina Taasisi ya Confucius tangu 2013, ikishirikiana na chuo cha Zhengzhou, mji mkuu wa jimbo la Henan. Kutoka Singida ni safari ya basi ya saa chache. Na Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, michezo ya kwanza ya Olimpiki kupangwa katika ardhi ya Afrika, imeiingiza wushu katika orodha yake.

Makala ya kwanza katika kurasa zinazofuata haina hata teke moja. Inafundisha mabu, mkao wa mpanda farasi: miguu ipanuke kupita mabega, magoti yakunjwe, mgongo unyooke, na hapo hapo ubaki. Ukiwa mgeni, dakika moja itakutetemesha mapaja. Walimu wa zamani walimwacha mwanafunzi hapo kwa miezi kabla ya kumwonyesha ngumi, na wengi waliondoka. Tuliipa nafasi ya kwanza makusudi, tukijua kuna atakayefunua kurasa haraka akitafuta picha za mateke.

Huko Shaolin husemwa kwamba mazoezi ya ngumi yanahitaji eneo la kulala ng'ombe mmoja. Eneo hilo Sepuka tunalo, na mmiliki wake huondoka kwenda malishoni kila asubuhi.