Tuanze na Mathari

Safari ya Mombasa kuiona Ngome ya Yesu ni nzuri, sikatai. Lakini mwaka jana tulibaki darasani watu tisa kwa kukosa nauli, nami nikiwemo. Kwa maoni yangu, chama chetu kianze na Mathari, hapa hapa Nyeri, kwa miguu. Pale pana kanisa la ukumbusho la Waitaliano waliokufa katika Vita Vikuu vya Pili. Humo amezikwa Amedeo, wa ukoo wa kifalme, aliyejisalimisha kwa Waingereza kule Amba Alagi, Uhabeshi, Mei 1941, akafa mateka Nairobi Machi 1942. Mababu zetu wa Keya walipigana na jeshi lake! Nami tangu shule ya msingi nilikuwa napita tu, eti ni pa wazungu, hadi likizo iliyopita nilipoingia.

Jioni hiyo nilijaribu supu ya kwao, minestrone: maharagwe, karoti, viazi, kabichi, vyote vya shambani kwetu. Cucu akaonja, akauliza, "Kwani irio hizi mbona hukuziponda?" Lakini bakuli alimaliza.

Mwalimu mlezi, tupe Jumamosi moja tu. Sufuria nitaleta mimi.