Kesi ya kuigiza isiishie darasani

Nilipotea kidogo, si mnajua tena, testi zimebana na bumu nalo linachelewa. Leo nina hoja moja tu.

Kwenye semina ya mbinu za kufundisha wiki hii tumebishana sana kuhusu kesi ya kuigiza, ile mbinu ya wanafunzi kugawana nafasi za hakimu, mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi, mshtakiwa na mashahidi, halafu wanaendesha kesi mpaka hukumu. Wengi waliisifia kwamba inachangamsha darasa. Sawa, inachangamsha. Lakini hata mpira unachangamsha.

Mimi naona anayefaidika zaidi ni mwanafunzi mmoja: yule anayepangiwa kumtetea mtu ambaye darasa zima limeshaamua ni mwizi. Hapo ndipo anakutana na Ibara ya 13(6) ya Katiba ya mwaka 1977: mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike ana hatia, na apewe haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Ukiikariri kwa ajili ya mtihani, inatoka na mtihani. Ukiisimamia mbele ya wenzako wanaokuzomea, inakaa. Tena unajifunza kwamba mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha kuwa hakuiba. Kazi hiyo ni ya anayemshtaki. Katika nchi ambayo mtu akiitiwa "mwizi!" pale stendi anaweza asifike polisi akiwa hai, hilo si somo la kuchangamsha kipindi tu.

Sasa tuje kwetu, walimu watarajiwa. Saa nne unaendesha kesi ya kuigiza, haki zote zinazingatiwa. Saa sita pesa inapotea bwenini, hakuna anayejitaja, basi darasa zima linapiga magoti na fimbo inaanza kutembea. Hakuna shtaka, hakuna shahidi, hakuna utetezi. Jamani, mtoto ataamini somo lipi kati ya hayo mawili?

Wala tusisingizie sheria. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, viwe kwa kosa kubwa, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Fimbo ya darasa zima haipo humo.

Kuna waliosema eti darasa lina watoto themanini, muda wa kuwasikiliza utatoka wapi? Mimi nasema kama muda wa kuchapa themanini upo, wa kuuliza maswali matatu hauwezi kukosekana: kosa ni lipi, nani ameona, na mwenyewe anasemaje? Tena aulizwe kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, sasa kwa nini mtoto ajitetee ofisini kwa Kiingereza cha kubabaisha?

Kwa hiyo walimu wenzangu, tukienda fildi tupeleke kesi za kuigiza, ni mbinu nzuri sana. Ila tukishafundisha, tukubali na sisi kubanwa nazo. Siku mwanafunzi atakaposimama na kuuliza, "Mwalimu, ushahidi uko wapi?", tusimwite jeuri. Tujue somo limeeleweka.

Nawasilisha.