Msimtengee Sahani

Ziko nyumba ambamo sahani moja imetiwa alama ya rangi ya kucha kwa chini, isije ikachanganyika na nyingine. Haioshwi kwenye beseni la wote. Mwenye sahani aliambiwa ana homa ya ini aina B siku alipokwenda kuchangia damu, au alipopimwa afya ili aende kufanya kazi Uarabuni, na tangu hapo anapakuliwa pembeni. Naandika kuwaomba wenye nyumba hizo, kwa heshima zote, wamrudishe ndugu yao kwenye sinia.

Virusi vya homa ya ini B haviambukizwi kwa kula pamoja. Kijiko hakivipitishi, wala kupeana mkono, kukumbatiana, kikohozi au choo cha pamoja. Njia yake ni damu na majimaji ya mwili: kujamiiana bila kinga, mama kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, sindano, wembe, kifaa chochote chenye damu ya mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na ugonjwa huu katika hali yake sugu, na walio wengi hawajui kwamba wanao. Kwa hiyo tunakula nao kila siku, arusini na misibani, na hakuna aliyewahi kuambukizwa kwa tonge.

Wakati macho yote yako kwenye sahani, kuna kitu kinaingia kwenye sufuria ya mgonjwa na hakuna anayekitilia shaka. Ni sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizoanikwa vibaya au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 wakafa. Watafiti waliochunguza janga lile waligundua kwamba waliokuwa na virusi vya homa ya ini B walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Na hata pale isipoua kwa siku chache, sumukuvu ikikutana na virusi hivi katika ini moja kwa miaka mingi, hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi, kuliko kila kimoja kikiwa peke yake.

Hapa nawaomba akina mama na akina dada wanisikilize vizuri, maana wao ndio washika mwiko wengi. Mtu akidhoofu, la kwanza tunalomfikiria ni uji wa lishe: mahindi, ulezi, soya, na karanga ili upate nguvu na ladha. Nia ni njema kabisa. Ila karanga ikishasagwa, huwezi tena kuijua ilikuwaje. Usimnunulie mgonjwa unga ambao hukuziona nafaka zake. Nunua karanga nzima, zimwage kwenye ungo, kaa nazo penye mwanga, uchambue. Toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zenye ukungu wa kijani au wa njano. Ukitafuna moja ikawa chungu, iteme. Usijipe moyo kwamba utazikaanga sana: moto wa jikoni hauondoi sumu hiyo, na kuchemsha vilevile. Ulizozitoa usimpe kuku wala ng'ombe, kwa sababu sumu hupita mpaka kwenye maziwa, na usimuuzie mpika pombe. Zifukie. Wanaovuna wenyewe waanike juu ya turubai, si chini kwenye udongo, na mahindi yasiingie ghalani mpaka yamekauka sawasawa.

Chakula kingine hakina mkosi. Nasikia watu wakikatazwa mayai, maharage, nyama, eti ini halitaki. Mtu mwenye virusi hivi ambaye ini lake bado ni zima ale kama mtu yeyote anayejali afya yake: ugali au wali wa kiasi, dagaa, samaki, maharage, mayai, mchicha, matembele, kisamvu, tunda la msimu. Apunguze soda na sukari, maana mafuta yakijaa kwenye ini huwa ni mzigo juu ya mzigo. Kahawa chungu ile ya kwenye vikombe vidogo asinyimwe. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wanywaji wa kahawa wana makovu machache kwenye ini. Aliyevimba tumbo kwa maji apunguze chumvi na afuate maelekezo ya daktari wake, kwani huyo hali yake ni nyingine.

Pombe aiache. Yote, iwe bia au gongo, na wenzake wasimshawishi kwa "moja tu". Dawa za chupa zinazonadiwa kuwa zinasafisha ini nazo aziache, hata kama ameletewa na shangazi anayempenda; zipo zinazolichoma ini lililokwisha kujeruhiwa. Hata parasetamoli asizidishe.

Si kila mwenye virusi anahitaji dawa leo, lakini kila mmoja anahitaji kliniki, kwa kawaida kila miezi 6, ili ini lipimwe. Anayepewa tenofovir aimeze kila siku. Asiiache kwa kujiona amepona, kwa sababu virusi vinaweza kurudi kwa kishindo.

Vya kutenganisha vipo: wembe, mswaki, kikata kucha. Damu ikidondoka ifutwe kwa dawa ya klorini, kwa sababu virusi hivi huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Nawaangalia wale vijana wanaotembeza vikapu vya rangi za kucha mitaani, mkasi mmoja miguu ya watu kumi, na nawasihi wateja wao: njoo na vifaa vyako. Kwa kinyozi vilevile, dai wembe mpya ufunguliwe mbele yako.

Mama mjamzito apimwe mapema, na akikutwa navyo azungumze na mkunga kuhusu chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 za kwanza. Anaruhusiwa kunyonyesha. Haraka hiyo ina sababu: mtoto mchanga akiambukizwa, karibu mara 9 kati ya 10 ugonjwa huwa sugu, wakati kwa mtu mzima ni chini ya mara 5 kati ya 100.

Tanzania iliingiza chanjo hii kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, inawezekana hujawahi kuipata. Nenda kapime, uende na mwenzako na wanao. Mkikutwa hamna virusi, ombeni chanjo, dozi 3 ndani ya miezi 6, na msiishie ya kwanza.