Kabla ya Shirikisho, waje Nyanda za Juu watuulize

KUTOKA NYANDA ZA JUU
Na Sekela Mwambungu

Aprili 2025, Hussein Bashe, akiwa Waziri wa Kilimo, alipiga marufuku mazao ya kilimo ya Malawi na Afrika Kusini kuingia nchini. Alikuwa na hoja. Malawi ilikuwa imezuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka nje, na ndizi zetu zilikuwa zimefungiwa mlango Afrika Kusini kwa miaka. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa ili serikali zizungumze, na magazetini habari ikawa imekwisha. Kyela na Rungwe haikwisha hivyo. Mkungu ukishakatwa hausubiri kikao cha mawaziri. Unaiva humo humo ndani ya Fuso, njano inaanzia pale ndizi zilipobanwa na turubai, na kadiri siku zinavyopita ndivyo mnunuzi wa ng'ambo ya Mto Songwe anavyotaja bei anayoitaka yeye.

Tanzania na Malawi zote ni wanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, na eneo huru la biashara la SADC lipo tangu 2008. Mwenye migomba Kiwira hajawahi kuambiwa ni katika hali gani uhuru huo unaweza kusimamishwa, wala nani amlipe unaposimamishwa. Hajaambiwa kwa sababu ni nadra mtu kuketi naye kumuuliza lolote kuhusu jumuiya za kikanda anazoishi ndani yake.

Nasema haya sasa kwa kuwa swali kubwa zaidi liko njiani. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba hatua ya kuelekea Shirikisho la Afrika Mashariki iwe konfederesheni ya kisiasa, yaani kila nchi ibaki na dola yake huku mambo fulani yakiendeshwa kwa pamoja. Wataalamu wa kuandika rasimu ya katiba yake wamekwisha kukusanya maoni Burundi, Uganda na Kenya. Jumuiya yenyewe sasa ina nchi nane, kuanzia Somalia hadi Kongo. Jambo la ukubwa huu halifai kuamuliwa kwa hotuba, na halifai pia kuamuliwa kwa swali moja la ndiyo au hapana.

Waingereza walifanya hivyo. Juni 23, 2016 waliulizwa wabaki Umoja wa Ulaya au watoke. Waliotaka kutoka walikuwa kama milioni 17.4, waliotaka kubaki milioni 16.1. Asilimia 52 kwa 48. Ndani ya masanduku yale ilikuwamo hasira ya mvuvi, hofu ya mhamiaji mpya, madai ya fedha za hospitali, na uchungu wa miji ambayo viwanda vilikwisha kufungwa. Mambo yote hayo yakabanwa kuwa neno moja. Ikaichukua nchi ile zaidi ya miaka mitatu na nusu, mawaziri wakuu wakiondoka mmoja baada ya mwingine, kubishana neno lile lilimaanisha nini, hadi ikatoka rasmi Januari 31, 2020.

Lililoniuma zaidi katika mjadala ule ni Ireland ya Kaskazini. Wale ndio waliokuwa wakiishi mpakani, watu wanaolala upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili, na wengi wao, karibu asilimia 56, walipiga kura kubaki. Katika kampeni mpaka wao ulizungumzwa kidogo sana. Kura zilipohesabiwa, ukageuka kuwa fundo gumu kuliko yote. Anayeishi mpakani Tunduma au Kasumulu anaelewa bila kufafanuliwa. Mpaka ukifungwa, wa kwanza kuumia ni yule ambaye maoni yake yalitafutwa mwisho.

Tetemeko lile lilifika hadi Dodoma. Julai 2016, wiki chache baada ya kura ya Waingereza, Tanzania ilikataa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya yetu na Ulaya, na moja ya sababu zilizotajwa ilikuwa hiyo hiyo: Uingereza inatoka. Kenya na Rwanda zikasaini Septemba, na Novemba Bunge letu likaukataa mkataba. Sisi tuliweza kungoja, kwa sababu bidhaa za nchi maskini kabisa huingia Ulaya bila ushuru. Kenya haimo katika kundi hilo, na maua yake yangetozwa. Nchi mbili za Jumuiya moja, kila moja ikiwa na sababu yake ya haki. Wakenya wengi walituona wasaliti, nasi tukawaona vibaraka. Ni wachache walioeleza hesabu ile ya ushuru mbele ya wananchi wa pande zote mbili.

Kuna jambo jingine la Waingereza linalofanana na letu, nalo ni kuwageuza wafu kuwa mashahidi. Margaret Thatcher alifariki Aprili 2013, lakini miaka mitatu baadaye kila upande ulidai kwamba angekuwa wake. Wote walikuwa na ushahidi. Katika kura ya maoni ya 1975 alipiga kampeni ya kubaki Ulaya akiwa amevaa sweta lililofumwa bendera za nchi wanachama. Septemba 1988, katika hotuba yake ya Bruges, aliikemea Ulaya iliyotaka kuwa dola kubwa juu ya mataifa. Chama chake kiliparaganyika kwa ugomvi huo na hakijapona.

Hapa kwetu shahidi huyo ni Mwalimu Nyerere. Anayetaka Shirikisho anakumbusha 1960, Nyerere aliposema yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili Kenya na Uganda zije pamoja nasi. Anakumbusha Juni 5, 1963, Nyerere, Kenyatta na Obote walipotangaza Nairobi kwamba Shirikisho lingekuwapo kabla ya mwaka kwisha. Asiyetaka anakumbusha Februari 1977, Mwalimu huyo huyo alipoufunga mpaka na Kenya, ukabaki umefungwa hadi mwishoni mwa 1983. Wote wanasema kweli. Nyerere alifariki Oktoba 14, 1999, na mkataba wa Jumuiya mpya ukasainiwa Arusha Novemba 30 mwaka huo huo. Hajawahi kuisoma rasimu ya konfederesheni, hajaiona Jumuiya yenye Kongo na Somalia, hajauona msururu wa malori ya shaba yanayotoka Lubumbashi kupitia Tunduma. Namheshimu mno kiasi cha kukataa kumtwisha jibu ambalo ni wajibu wetu sisi tulio hai.

Katika nyanda hizi suala la muungano wa Afrika Mashariki lina mizizi ya zamani kuliko TANU. Oktoba 1925 Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, aliwakusanya walowezi wenzake Tukuyu. Walikuja kutoka Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Walichokitaka ni ukanda mmoja wa nyanda za juu zenye hewa ya baridi, kutoka Nairobi hadi Rhodesia, ulio chini ya Wazungu wachache. Wakakutana tena Livingstone 1926 na Nairobi 1927. Tukuyu, katikati ya migomba ya Wanyakyusa, ndipo mpango wa kuziunganisha nchi hizi ulipojadiliwa, na Mnyakyusa hakualikwa.

Iringa ilikwisha kupitia jambo la namna hiyo. Mkataba wa Versailles wa 1919, ulioandikwa kumaliza vita vya Ulaya, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ndani ya miezi sita. Wahehe walingoja hadi Juni 19, 1954, Gavana Edward Twining alipolikabidhi Kalenga mbele ya Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Maneno juu yetu yaliandikwa Ufaransa, na utekelezaji wake ukafuata ratiba ya wengine.

Safari moja tuliulizwa, na matokeo yakaonekana. Serikali ya London ilipotaka kuamua juu ya muungano wa Kenya, Uganda na Tanganyika, mwaka 1931 kamati ya Bunge lao iliwasikiliza Watanganyika watatu: Martin Kayamba, Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamgira wa Bukoba. Waliupinga muungano ule. Waliijua Kenya ya walowezi na jinsi ardhi ilivyokuwa ikichukuliwa kule, nao hawakutaka sheria za Nairobi zivuke mpaka. Gavana Donald Cameron alikuwa na msimamo wa karibu na huo, na mpango wa Delamere ukakwama. Wale wazee hawakuuchukia umoja. Waliuliza umoja wa nani, na ardhi itakuwa mikononi mwa nani. Maswali hayo bado yana uzito ule ule, ingawa Delamere na walowezi wake wamekwisha pita.

Kilichofuata baada ya uhuru kinafahamika: Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa kwa mkataba wa Juni 1967 na kufa 1977. Iliuawa na tofauti za siasa, na malalamiko kwamba faida ilikuwa ikielekea Kenya, na mapinduzi ya Idi Amin, ambaye Nyerere alikataa kuketi naye. Mali za Jumuiya ile ziligawanywa kwa makubaliano ya 1984, lakini wastaafu waliokuwa reli, posta, bandari na ndege waliendelea kudai mafao yao kwa miaka mingi. Nchi nzima iliwaona wazee wale wakikaa chini katikati ya barabara Dar es Salaam. Mimi siwezi kusikia neno Shirikisho bila kuwakumbuka. Anayeleta rasimu mpya atuoneshe kifungu kinachosema nani anamlipa mfanyakazi jumuiya ikivunjika, na kifungu hicho kisomwe kwa sauti kabla ya vingine vyote.

Mfano mzuri tunao wenyewe. Mwishoni mwa 2006 nchi zetu ziliunda kamati za kuuliza wananchi kama Shirikisho liharakishwe. Ya kwetu iliongozwa na Profesa Samuel Wangwe. Jibu la Watanzania lilikuwa na pande mbili: wengi waliukubali umoja wa kisiasa kama lengo, na wengi wakakataa kuukimbilia. Walitaja ardhi, walitaja ajira, walitaja kwamba soko la pamoja halijaimarika. Agosti 2007 wakuu wa nchi walikutana Arusha na haraka ile ikaachwa. Laiti tungepewa karatasi ya ndiyo na hapana, jibu lile lisingepatikana. Lingetoka "hapana" kavu, na leo tungekuwa tunabishana ilimaanisha nini.

Kwa hiyo wataalamu wa rasimu wakija mara hii, waje na mambo yanayoshikika. Waanze na mchele. Kwa kanuni ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya, mchele wa kutoka nje unatozwa asilimia 75, na ushuru huo ndio unaompa mkulima wa Mbarali na Kyela nafasi ya kuuza Nairobi. Lakini Kenya imekuwa ikiruhusiwa kuutoza asilimia 35, na mchele wa Pakistan unaingia Mombasa kwa bei ambayo mkulima wa Ubaruku, anayelipia trekta, mbolea na zamu ya maji ya mfereji, hawezi kushindana nayo. Kenya ina watu wa mjini wanaotaka chakula cha bei nafuu, naelewa. Mkulima wetu naye aelezwe ruhusa hiyo inatolewa na nani, kwa muda gani, na kama konfederesheni itaikomesha au itaihalalisha.

Mahindi pia. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ndani ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Afya ya mlaji ni jambo la kweli, na silitetei gunia lenye ukungu. Nataka maabara ambayo nchi zote zitaiamini, ili cheti kilichotolewa Makambako kisikataliwe Namanga.

Na ardhi. Itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 inaiacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Hiyo ni kinga tuliyoipigania. Katika misitu ya Mufindi na mabonde ya Kilolo watu wanauliza kama itabaki, na wana haki ya kupewa jibu la maandishi.

Halafu liko la miguu miwili. Sisi tumo Afrika Mashariki na tumo SADC, sawa na Kongo. Kikosi cha Afrika Mashariki kilipoondoka Goma Desemba 2023, kikaingia cha SADC, na wanajeshi wa Tanzania walikuwamo katika hicho cha pili. Mbeya inauza kusini na kaskazini kwa wakati mmoja. Konfederesheni ikija na sera moja ya biashara ya nje, lori la Uyole linalokwenda Lusaka litavuka Tunduma kwa kanuni za nani? Sijaona swali hili likipewa uzito unaostahili, na kwa mkoa kama wetu ndilo lenye fedha nyingi kuliko yote.

Mikutano isiwekwe kwenye kumbi za hoteli kwa kadi za mwaliko. Iwekwe Tunduma, Kasumulu, Ubaruku, Mafinga na Ipogolo, siku ya soko, saa ambazo wanawake wanaouza wameshafunga meza zao. Rasimu iletwe kwa Kiswahili na ibandikwe ofisi ya kata angalau mwezi mmoja kabla. Afisa atakayetumwa aandike maswali ya watu kama yalivyoulizwa, asiyafupishe kuwa "wananchi wameunga mkono". Na kabla hajafungua kikao cha Ubaruku, awe amekwisha kuulizia makao makuu ya Jumuiya, Arusha, kama ushuru wa mchele msimu ujao ni 75 au 35, maana ndilo watakaloanza nalo.