"Washa Gari Twende" ya RV Michigan: Kapo Hii Inatuuzia Mbuzi kwenye Gunia

Haya wadau, leo simung'unyi maneno.

Kuna kapo moja ya Kibongo iko Marekani. Majina tunayaweka kapuni, ila mnaowafuata mshawajua: wale wa kuvaa sare hadi soksi. Video yao ya kuzunguka Michigan na RV, lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, imezagaa kila kona. Ujumbe wao ni mmoja: "Usipange kitu. Washa gari, twende. Unalala popote, bure."

Popote wapi?

Mimi naishi hukuhuku Grand Rapids na RV nimeshakodi mara tatu. Nafasi za kambi kwenye hifadhi za jimbo zinafunguliwa miezi sita kabla. Ukitaka kulala karibu na ziwa wikiendi ya Julai 4, unakaa na simu yako Januari, nje theluji imejaa, unabonyeza. Ukisubiri hadi Juni, pole yako.

Na wenyewe walipanga! Rudisha ile video pale dada anapogeuza nyama. Nyuma yake kuna nguzo ya umeme na waya mnene umechomekwa kwenye gari. Hiyo ni nafasi ya kulipia, wala siyo "popote". Halafu mwisho wanakupa namba ya punguzo ya kampuni ya kukodisha. Bado unadhani ni safari ya ghafla?

Kuna na kichekesho. Jamaa anasema "kesho tunaingia nayo Mackinac Island". Kaka, kisiwa kile kilipiga marufuku magari tangu 1898! Huko ni miguu, baiskeli na farasi. RV unaiacha bara, unapanda feri. Na lile daraja la Mackinac, la kilomita 8 hivi, upepo ukizidi magari marefu kama hayo yanasindikizwa polepole au yanazuiwa kabisa. Hayo kwenye video hamna. Kuna muziki tu.

Najua mtasema nina gere. Sikilizeni kwanza.

Shemeji yangu, mume wa dada, hajamaliza miaka miwili huku. Anapiga zamu za usiku kiwandani. Aliiona hiyo video, akaomba likizo ya siku nne, akakodi RV, akapakia mke na watoto wawili. Hakuna aliyemwambia kwamba bei ya siku ni mwanzo tu: kuna bima, kuna maili za ziada, kuna saa za jenereta, kuna faini ukirudisha tenki la choo limejaa. Hakuna aliyemwambia kwamba gari lile galoni moja inakwenda maili 10 hivi, na kutoka Detroit hadi darajani ni karibu maili 290, kwenda tu.

Kila kambi waliyofika, imejaa. Wakalala kwenye maegesho ya duka. Saa nane usiku mlinzi akagonga: ondokeni. Wakahamia kwingine, joto kali, akawasha jenereta ili kiyoyozi kifanye kazi, kama alivyoona kwenye video. Wakalala. Kilichowaamsha ni king'ora cha kaboni monoksaidi. Ile hewa haina harufu wala rangi, unalala nayo na huamki. Dada alinipigia saa kumi alfajiri, analia, watoto wamekaa kwenye lami na blanketi.

Kile king'ora kingekuwa kibovu, leo ningekuwa naandika tanzia.

Niliwaandikia wale kapo, kwa heshima kabisa, waongeze japo sentensi moja: msilale jenereta ikiwaka. Jibu? Wakanibloku. Video bado ipo.

Sisemi msiende. Nendeni! Vilima vya mchanga vya Sleeping Bear, miamba ya rangi ya Pictured Rocks, na Lake Superior, ziwa linalolizidi hata Victoria letu kwa ukubwa, ni vitu vya kuona kabla hujafa. Ila weka nafasi mapema, piga hesabu ya mafuta, na kuni nunua hukohuko unakolala, maana kuzisafirisha kunasambaza wadudu wanaoua miti.

Na nyie kapo, bata si dhambi. Kulipwa si dhambi. Ila semeni kwamba mmelipwa, na semeni kwamba mlipanga. Anayewaangalia ana mshahara wa zamu na watoto nyuma ya gari, na anawaamini kuliko mnavyojiamini wenyewe.

Haya, uwanja wenu. Nani mwingine ameshaingizwa mjini na video za hivi? Mwageni hapo chini, majina kapuni.